Zuhura, Umenichinjisha Bi Kombo

Mdogo wangu Zuhura,

Hapa Unguja, mtaani Malindi, inasemwa kwamba nimekufukuza kwa sababu ya kuku. Bi Mwanaisha wa mlango wa pili ameniambia usoni, mikono kiunoni: "Kaka, umri wote huo unagombana na ndugu yako wa tumbo moja kwa ajili ya kitoweo?" Simu zangu huzipokei tangu uende Paje kwa mjukuu wako Rahma, kwa hiyo nakuandikia waziwazi, na wao wasome. Jicho langu la kulia limeshaondolewa mtoto wa jicho, naweza kushika kalamu tena. Na sisi wawili tumeishi kwa barua miaka mingi kuliko tulivyoishi chini ya paa moja.

Unakumbuka walivyoanguliwa? Vifaranga tisa, na watatu kati yao midomo imepishana kama mkasi uliolegea. Nilikuwa na miezi minne tu tangu nirudi, baada ya karibu miaka hamsini ya Mombasa na Maskati, na katika nyumba niliyozaliwa nilikuwa bado mgeni: napewa kikombe kizuri, sipewi kazi. Bi Mwanaisha alichungulia tengani akasema, "Hao watupieni paka, hawana maisha." Wewe ukamjibu, "Wangapi mtaa huu hawana maisha na hatujawatupa?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku ile ndipo nilipojua nimefika kwetu.

Wawili walikufa wiki ya kwanza kwa ujinga wetu. Tuliwamwagia chenga za mchele chini kama wenzao, nao wakadonoa kutwa nzima wasipate hata punje. Tuliona wanadonoa, tukadhani wanakula. Wa tatu ulimwinua wewe, ukamchovya mdomo ndani ya bakuli la uji, akameza. Tangu hapo tukajifunza. Pumba laini na dagaa wa kutwanga, vilowekwe, viwekwe kwenye bakuli lenye kina ili achote, maana kudonoa hawezi. Maji kwenye kopo refu. Na kwa kuwa kuku mwenye mdomo ule hawezi kujichambua manyoya, chawa humjaa; tukawa tunampaka majivu ya jikoni chini ya mbawa, mpaka na sisi tunatoka uani weupe kama wauza unga.

Tukamwita Bi Kombo. Rahma akasema jina hilo litatugombanisha na akina Kombo, nusu ya Unguja.

Kila Ijumaa asubuhi ilikuwa siku ya mdomo wake. Mdomo usiosagana na mwenzake haukomi kurefuka. Wewe ulikuwa ukikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, umemviringisha kanga, umempakata, nami nikikata ncha kwa kikata kucha, kisha nasugua kwa tupa. Mara moja nilikata ndani mno, damu ikatoka. Ukabandika unga wa ngano pale pale huku ukinisuta: "Miaka yote Uarabuni, hata kukata kucha hukujifunza?" Macho yangu yalipozidi kufifia sikuacha kazi ile. Niliifanya kwa vidole. Mdomo wa juu umelalia kulia, wa chini umetokeza kushoto, na ncha ya juu ina mshazari niliouchonga mwenyewe. Ndiyo kazi pekee niliyokuwa nayo katika nyumba ile, Zuhura, na ulijua.

Sasa niandike lile la Ijumaa ya wageni.

Watu wa Paje walikuwa wanakuja baada ya sala kumposa Rahma. Wanaosoma barua hii wengine ni vijana, basi nieleze: sheria haimkatazi mwanamke kuchinja, lakini desturi yetu ndiyo hiyo, mwanamke husimama mlangoni na kuku mkononi na kisu kwenye sahani, akingoja mwanamume apite amchinjie. Nyumbani kwetu mwanamume ni mimi. Ukaniita, "Kaka, njoo unichinjie yule jogoo mwekundu." Nikaja na kisu nyuma ya mgongo, kama tulivyofundishwa, mnyama asikione. Nikakukuta umekaa pale pale kwenye kibao cha mbuzi, kuku amefungwa kanga hata kichwa.

"Mbona umemfunika hivyo?"

"Asikione kisu, maskini. We kata tu, kichwa nshakishika mie."

Nikakusifu moyoni. Nikasema, ndugu yangu ana adabu hata kwa kuku. Macho yangu wakati ule yaliona rangi ya kanga na kivuli cha mkono wako, basi. Nikaelekea kibla, nikapiga bismillahi, nikakata. Hakutapatapa kabla ya kisu. Hakulia. Jogoo yule asingenyamaza kushikwa. Lakini sikufikiri, shughuli ilikuwa nyingi, na aliyenishikia kichwa ulikuwa wewe.

Alinyamaza kwa sababu ilikuwa Ijumaa asubuhi na amefungwa kanga na yuko mapajani mwako. Alidhani ni siku ya mdomo. Hili ndilo linalonirudia.

Mchana nilikula. Mchuzi wa nazi, mzito, wenye bizari ya kutosha. Nikasifu mbele ya wageni, nikaomba kipande cha pili, ukanitilia.

Siku mbili nilimtafuta. Ulisema, "Atakuwa kaingia kwa watu, atarudi." Nikazunguka vichochoro nikigonga bakuli lake kwa kijiko. Bi Mwanaisha akapaza sauti kutoka dirishani: "Kaka, kuku huyo mchumba wako?" Nawe ulikuwa mlangoni, ukacheka naye. Nilisikia kicheko chako. Nilidhani unanicheka kwa mapenzi.

Siku ya tatu nilikuwa nazibua karo uani. Nyuma ya pipa la maji mkono wangu ukagusa kitu kikavu ambacho paka wamekiacha. Nikakishika. Wa juu kulia, wa chini kushoto. Na mshazari.

Nilipokuletea kiganjani hukukana, hilo nakubali. Ulisema, "Kuku ni kuku, Kaka. Wengine wanataga, jogoo nao wanamhitaji. Na yule angezunguka miguuni mwa wageni na mdomo wake ule, wangesema nyumba hii ina kilema. Rahma angeachwa."

"Ungeniomba."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi ndiyo maana."

Wanaonisema mtaani wadhani nalilia kuku. Nimeshaondokewa na mke, na rafiki, na miji miwili; najua kuku ni nini. Ungempa mpita njia amchinje, ningehuzunika tu. Lakini ulitaka mkono wangu. Ulichukua bismillahi yangu ukaitumia, kisha ukaniacha nikigonga bakuli kichochoroni, siku mbili, mzee mzima. Nikakwambia siwezi kula chakula chako tena. Hilo nililisema, nami silirudishi. Kufukuza sikukufukuza, harusi ya Rahma ilipopita kanga zako ulizikunja mwenyewe.

Na sasa nifikie lililonifanya niandike.

Miaka yote niliyokuwa mbali, Unguja kwangu ilikuwa wewe. Sikuwa na macho mengine huku. Ukiandika mvua imebomoa ukuta wa nyuma, ukuta ulibomoka. Ukiandika fulani ameoa, ameoa. Sikuwahi kuuliza mtu wa pili. Tangu ulipoondoka nimezitoa barua zile sandukuni, na kwa jicho hili jipya nazisoma moja moja, na kwenye kila mstari nasikia sauti yako ikisema "atakuwa kaingia kwa watu, atarudi." Ile sauti laini, isiyotetereka. Sikujua unayo.

Iko barua moja ambayo imechanika mikunjo kwa kusomwa. Unaijua. Mimi niliondoka bila kumuaga mama, naye alikaa miaka bila kutaka jina langu litajwe. Hilo nililisikia kwa wengi. Kisha akafariki, nikiwa Maskati sina hata njia ya kuja kumzika, ikaja barua yako: kwamba saa za mwisho aliniita kwa jina, akasema, "Mwambieni mwanangu sina kinyongo naye."

Kwa maneno hayo nilioa. Kwa maneno hayo nililea watoto. Nilirudi Unguja kwa sababu ya maneno hayo, maana mtu harudi kwenye nyumba iliyomlaani.

Alisema, Zuhura?

La Bi Kombo nitakusamehe. Si leo, lakini najijua. Hili si la kusamehe wala kutosamehe. Ni la kujua. Kama hakusema, andika hakusema, usinionee huruma. Chumbani mlikuwa wawili, na mmoja ameshazikwa. Sina mwingine wa kumuuliza.

Nakungoja,

Kaka yako