Vipimo Ulivyoondoka Navyo Kichwani

Mama Zaina wangu,

Uliondoka na vipimo vya nusu ya mtaa wetu wa Nyamirambo kichwani, hukuniachia hata kikaratasi. Miaka yote mimi nakata, wewe uko kwenye cherehani unanitajia: "Kanzu ya imamu, hamsini na nane. Yule wa duka la mchele, ongeza tumbo." Kumbe mimi nilikuwa mkasi tu.

Idi iliyopita nikajifanya nakumbuka. Kanzu ya imamu ikaishia juu ya soksi, na siku hiyo alivaa za mistari. Safu nzima ya nyuma yake ilisujudu ikicheka. Binti yako hakucheka. "Baba," Zaina akasema, "ukiharibu nguo moja tena, tunafunga duka. Utakuja kukaa kwangu Kinyinya." Kukaa, eti. Mimi ni chungu cha maua?

Basi nimerudi shule, mimi niliyefukuzwa darasa la nne kwa kumwigiza mwalimu anavyotembea. Nasoma Kicukiro, pamoja na vijana, lugha ya kompyuta inayoitwa Python. Anayetufundisha ni msichana, Diane. Siku ya kwanza vijana walishangaa kwamba orodha inahesabiwa kuanzia sifuri. Nikawauliza, "Futi ya fundi cherehani inaanzia wapi, sha, rafiki zangu? Si kwenye sifuri?"

Ila pindo la mistari lilinitia adabu. Ukiandika if, yaani ikiwa, unamaliza mstari kwa nukta mbili, halafu mistari ya chini yake unaisogeza ndani, nafasi nne kila mmoja. Mimi nikakisia kwa jicho, kama tulivyozoea: huu nne, huu tatu. Kompyuta ikagoma.

"Muzehe, iko kosa mstari wa tatu," Diane akasema.

"Tofauti hiyo hata mteja haioni."

"Huyu mteja anaona."

Ungempenda. Anajibu kama wewe.

Wateja nimewapima upya mmoja mmoja, vipimo vyao nikavitia kwenye orodha ndani ya kompyuta. Juzi Zaina akaja dukani kunikagua. Nikaandika jina la imamu, print, yaani onyesha, ikafanya kazi yake, ikatoka 58. Nikaandika la muuza mchele, akatokea na tumbo lake lote. Zaina akasema, "Haya, Baba. Baki na duka lako."

Kisha akaishusha ile orodha mpaka chini, akakuta jina lako. Kifua, kiuno, mkono. Vyako ndivyo pekee nilivyokuwa navijua mimi, maana hukukubali mwingine akupime. Akaniambia taratibu, "Mama hashonewi tena." Na Diane alishatufundisha: jina lisilo na kazi linafutwa kwa neno moja, del.

Neno hilo nimelisoma, nimelielewa, na silitumii. Waniite mwanafunzi mbaya, si mara ya kwanza. Duka ni langu, orodha ni yangu, na wewe umo.

Kiuno nimekiandika kile cha mwaka tuliooana. Ukitaka kubisha, rudi.

Mumeo mkaidi,
Baba Zaina