Glavu ya Karim na Filimbi ya Babu Yake

Kwa jina la Ajuaye yaliyofichika. Abu Samir, nimetoka kwenye besiboli sasa hivi!

Mwamuzi hakuja, Haji Nabil akashika filimbi. Na mdakaji wetu, achuchumaaye nyuma ya mpigaji, ni nani? Karim, mjukuu wake!

Sare, zamu ya mwisho, wapinzani wamejaza vituo vyote vitatu. Gongo la mpigaji likagonga glavu ya Karim, mpira ukadondoka karibu, wetu wakauokota wakamtoa mpigaji. Shangwe! Haji pekee ndiye aliyeona glavu ikigongwa.

Nilikuwa nyuma ya wavu, nikamsikia Karim: "Jiddo, nyamaza, nakusihi."

Nyamaza, Abu Samir! Amwambia babu yake!

Haji akapuliza. "Glavu imezuia gongo. Mpigaji apewe kituo cha kwanza." Wote wakasogea kituo kimoja, wa kituo cha tatu akafika nyumbani, bao likaingia, tukashindwa.

"Umetuuza, Jiddo!"

Sasa wamo garini wawili hao, injini haijawashwa. Mola awape subira waliobaki humo.