Gari limenichongea

Dada wee, sijaondoka. Gari limenichongea!

Baba watoto kalala sebuleni. Mabegi nimeshapakia, watoto wako kiti cha nyuma, gari linawaka. Nikakumbuka cherehani ya marehemu mama. Nikashuka, ufunguo mfukoni, maana gari lenyewe ni la kuwasha kwa kitufe.

Nafika mlangoni tu, pii! pii! pii! Eti linanikumbusha nimeliacha linawaka. Kama sijui! Si mimi niliyeliwasha?

Mume huyo, katoka. Kaangalia mabegi. "Unakwenda wapi?"

Pamoja na yote tuliyopanga mimi na wewe, nikajibu, "Sokoni."

Sokoni, dada! Na mabegi manne!

Hata hakufoka. Kanyoosha mkono tu, nikampa ufunguo. Nimempa mwenyewe.

Sasa niko jikoni naosha vyombo vyake. Kile chumba ulichotuandalia, mpe mtu mwingine.