Bento au Ivo

Mtwara, 4 Mei 2025

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na kifua kimeacha kukubana. Sisi huku hatujambo, ila goti la mama linamsumbua kila akipanda ngazi za kwa mama mdogo. Anasema wewe ndiye uliyemletea goti hilo, maana tangu tukimbie mashambulizi ya Mocímboa ametembea akigeuka nyuma kukutazama kama unakuja. Nikamwambia goti halina macho. Akanijibu, "Lina macho, halina mume."

Mimi bado nipo steshenari, natoa fotokopi na kuchapa barua za watu. Nimepewa kiti kizuri lakini sikikalii. Pikipiki ikisimama nje nainuka, mtu akiita jina linalofanana na langu nainuka. Miaka inakwenda, na mimi bado nangoja kama abiria.

Nina ombi, usinicheke. Januari Sónia, yule niliyesoma naye, alinikabidhi timu yake ya mpira wa kikapu. Si timu ya watu wa kweli. Ni ligi ya mtandaoni: wachezaji wametungwa na kompyuta, majina yao, vimo vyao, hata umri wao. Kompyuta ndiyo inayochezesha mechi na kutuletea matokeo. Sisi wenye timu tuko kumi na sita, Pemba, Nampula, Maputo, Dar, na kazi yetu ni kupanga nani aanze, nani akae benchi, nani asajiliwe. Timu yangu inaitwa Rovuma, na imemaliza ya mwisho.

Kwa kanuni za ligi, aliyemaliza mwisho ndiye anayechagua kwanza katika chipukizi wa msimu mpya. Siku ya kuchagua ni tarehe 14 Juni. Raimundo wa Pemba, anayesimamia ligi, ameshanionya: nikishika mkia tena, timu atapewa mwingine.

Wewe ni mwalimu, profesa kama tunavyosema kwetu, na umefundisha wasichana kikapu miaka kumi na tisa. Nimekuchapia karatasi tatu za chipukizi bora, maana kwa simu mtandao wa huko unakatika. Ukubwa wa kipaji chao hatuoni. Tunaona makadirio tu, na makadirio hukosea. Mwanawetu, yule mama wa vitenge anayevuka mpaka pale Kilambo kwenda Namoto, atakufikishia. Soma, uniambie nimchukue nani.

Na unavuka lini? Mama hakunituma kuuliza. Nauliza mimi.

Mwanao,
Sumaia


Quionga, 12 Mei 2025

Mwanangu Sumaia,

Waalaykum salaam, marahaba sana. Mimi mzima, alhamdulillah. Kifua kimetulia tangu nilipoacha kuchoma makumbi ya nazi. Mpe mama yako salamu zangu, na umwambie apake mafuta ya karafuu kabla ya kupanda hizo ngazi, si baada.

Nilipofungua bahasha yako nilikasirika. Nilijiambia, mtoto huyu tumemsomesha, leo ananitumia watoto wasio na mama wala baba niwapime! Nikaziweka karatasi juu ya kabati. Baada ya chai nikazishusha. Mpaka sasa nimezisoma mara tatu.

Huyu Ciro Assane mwache. Anafunga pointi ishirini na nne kila mechi, na najua wenzako wote wanamtolea macho. Lakini ana miaka ishirini na mitatu, na anacheza na watoto wa kumi na nane. Papai lililoivia mtini halina kesho. Utakachokiona ndicho kilichopo.

Ivo Chande, miaka kumi na nane, mita mbili na sentimita kumi na moja. Nimechoka na warefu. Maisha yangu yote wananiletea warefu.

Bento Namuali, mita moja na themanini na sita. Anatoa pasi saba za kufungisha na kupoteza mpira mara mbili tu. Mtoto wa miaka kumi na tisa asiyepoteza mpira ana macho ya mtu mzima. Mitupo yake ya mbali ni mibovu, naona. Lakini karatasi yako haisemi kitu kimoja: mitupo ya adhabu. Pale mstarini hakuna anayembana mtu, hapo ndipo mkono wake wa kweli unapoonekana. Akifunga vizuri pale na vibaya kwa mbali, basi hana mkono mbovu, ana haraka, na haraka inafundishika. Nitumie hesabu hiyo kwa wote watatu.

Kuhusu kuvuka: minazi haijavunwa, na shule wamenirudisha kufundisha darasa la nne, maana mwalimu wao aliondoka. Niache kidogo.

Baba yako


Mtwara, 19 Mei 2025

Baba,

Assalaam alaykum, shikamoo. Sote wazima. Mafuta ya karafuu yamesaidia, ingawa mama anasema yaliyosaidia ni kukulaumu.

Hesabu uliyoitaka hii hapa. Katika kila mitupo mia ya adhabu, Ciro anafunga sitini na moja, Bento themanini na nane, Ivo themanini na mbili.

Mimi namtaka Ivo. Katika ligi hii timu zilizochukua ubingwa misimu minne iliyopita zote zilikuwa na mtu mrefu wa kati anayezuia. Nimezitazama moja moja wakati wa chakula cha mchana. Wafupi wenye pasi nzuri wapo wengi hata chaguo la kumi. Hamido wa Nampula, anayechagua wa pili, ananiandikia kila siku kunisifia Bento, na mtu hakusifii bidhaa anayoitaka yeye. Bila shaka anamtaka Ivo.

Halafu Baba, umeandika kwamba umechoka na warefu. Sentensi hiyo nimeirudia wiki nzima. Mwaka 2014, ulipochagua wasichana wa kwenda mashindano ya mkoa Pemba, ulimchukua Domingas ukaniacha mimi. Ulinisimamisha mbele ya wenzangu ukasema, "Sumaia, kimo hakitoshi." Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nikitoa pasi kuliko wote, unajua, wewe ndiye uliyekuwa ukizihesabu. Leo kijana wa kompyuta mfupi kama mimi unampenda kwa macho yake ya mtu mzima.

Ulikuwa na daftari. Mbele ya jina langu uliandika nini?

Nijibu hilo kwanza, Ivo na Bento baadaye.

Sumaia


Quionga, 27 Mei 2025

Mwanangu,

Waalaykum salaam, marahaba. Mimi mzima.

Naandika upesi, Mwanawetu anataka kuvuka leo na si kesho kama ilivyo desturi yake. Tangu juzi watu wanapita hapa na mizigo kichwani, wametoka vijiji vya kusini. Ukiwauliza wameona nini, kila mmoja anasema ameambiwa na mwenzake. Watoto darasani hawaandiki, wanatazama dirishani. Nami natazama dirishani.

Mchukue Bento. Themanini na nane ni mkono safi.

Swali la daftari ni la kujibiwa kwa mdomo.

Mwambie mama asisikilize redio sana.

Baba yako


Mtwara, 8 Juni 2025

Baba yangu,

Assalaam alaykum, shikamoo popote ulipo. Uzima wako sijui nikuulize vipi.

Nilikuandikia tarehe 30, barua ya hasira. Leo Mwanawetu amenirudishia bahasha ikiwa haijafunguliwa. Alifika Quionga, mlango wako una kufuli, shule iko wazi na hakuna mtu ndani. Alimkuta jirani mmoja tu, ambaye alimwambia, "Profesa aliondoka na watoto." Watoto gani? Kwenda wapi? Hakujua.

Simu yako haiiti. Naipiga nikiwa kwenye foleni ya maji, naipiga huku natoa fotokopi za mtu, jana nimemtolea mteja kurasa arobaini za cheti kisicho chake. Idi imepita. Mama alipika pilau, akakupakulia sahani, akaifunika. Hakuna aliyethubutu kuigusa.

Barua ile ya hasira nimeichana. Usinijibu la daftari. Sema tu uko wapi.

Mwanao,
Sumaia


Mtwara, 14 Juni 2025

Baba,

Salaam, na shikamoo. Barua hii sina wa kumpa, lakini nisipoiandika sitaweza kukaa.

Leo saa sita mchana ndipo tulipochagua. Raimundo aliandika, "Rovuma, zamu yako, una dakika kumi." Kidole changu kilikuwa juu ya jina la Ivo. Nilikuwa na hakika naye, nimemsoma mwezi mzima. Dakika ya kwanza ikapita, ya tatu, ya saba. Hamido akaandika, "Dada, umelala?"

Nikawaza: barua ya mwisho niliyonayo kutoka kwako inasema mchukue Bento. Nikimchukua Ivo itakuwa kama nimesema, Baba hayupo tena wa kubishana naye. Mkono ukakataa.

Nimemchukua Bento. Hata sekunde tano hazikupita, Hamido akamnyakua Ivo. Wote wakacheka. Raimundo akaandika, "Chaguo la kwanza kwa kibete!"

Nikazima simu. Kisha nikaiwasha, labda umepiga.

Sumaia


Namoto, 16 Juni 2025

Mwanangu Sumaia,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, wewe na mama yako msihangaike tena. Simu ilizama majini tulipovuka mkondo. Tumehifadhiwa ndani, mbali na barabara anayopita Mwanawetu, na nimekuwa nikitafuta mtu wa kumpa barua; leo nimempata dereva mmoja anayekuja Mtwara.

Ilikuwa tarehe 29, saa tatu asubuhi, nipo darasani. Watu wakaingia kijijini wakikimbia, wakisema wako nyuma. Nani yuko nyuma hatukungoja kujua. Wazazi wengi walikuwa mashambani. Nikawatoa watoto kwa mlango wa nyuma, thelathini na wanane, tukashika njia ya minazini. Tulitembea siku mbili. Niliwapanga wadogo katikati, wakubwa pembeni, na kila tukisimama naita majina. Alhamdulillah, hapa Namoto majina yalitimia yote thelathini na manane. Wazazi wamekuja wakiwafuata mmoja mmoja. Wamebaki kumi na mmoja ambao hakuna aliyewajia. Ndio wanaonizuia kuvuka, Sumaia. Siwezi kuwapa mgongo watoto wanaoniuliza kila asubuhi kama leo ndiyo leo.

Sasa la daftari. Njiani nilikuwa na muda wa kuliwaza swali lako.

Daftari liliungua na nyumba yetu Mocímboa, lakini nilichoandika nakikumbuka. Mbele ya Domingas: "Mrefu, mzito kugeuka, anachoka mapema." Mbele yako: "Mikono bora kuliko wote. Aende." Niliandika aende. Asubuhi ya kusoma majina, walimu wawili walisimama mlangoni kwangu. Mmoja akacheka akasema, "Leo tutajua kama profesa anafundisha timu au analea nyumba yake." Nikakukata jina palepale, kwa kalamu ileile.

Nikakwambia kimo, kwa sababu mtoto hawezi kubishana na kimo. Mwezi uleule ukaacha mpira. Nami nikajiambia, kumbe hakuupenda. Nilijisamehe kwa kukusingizia, miaka kumi na moja. Kosa ni langu, naliandika kwa mkono wangu ili nisilikane. Niwie radhi, mwanangu.

Na karatasi zako nimezibeba mfukoni. Nimezitazama upya. Themanini na mbili! Mtu wa mita mbili na kumi na moja anayetupa hivyo mstarini sijawahi kumfundisha hata mmoja. Nilimkataa kwa sababu ya Domingas, si kwa sababu yake. Ulimpima vizuri kuliko mimi. Kama siku haijapita, mchukue Ivo.

Baba yako


Mtwara, 30 Juni 2025

Baba,

Barua yako ilinifikia tarehe 25. Dereva aliikabidhi duka la jirani, wakaisahau siku nne chini ya sukari.

Niliisoma kaunta, nimesimama. Mteja akaniuliza kama natoa picha za pasipoti, nikamjibu, "Yuko hai." Akasema alhamdulillah bila kujua ni nani.

Kisha nikaisoma tena, na mara ya pili nikakasirika. Ungeniambia! Kicheko cha mtu mmoja mlangoni, Baba, na mimi nikatembea miaka yote hii nimeinamisha mabega mbele ya kila aliyenizidi urefu. Nilipompa mama asome, aliikunja, akachambua mchele mpaka adhana ya alasiri. Halafu akasema, "Mimi pia aliniambia ni kimo."

Ivo hatunaye. Nilimchukua Bento kwa kuogopa kwamba umekufa, wewe ulimkataa Ivo kwa kuogopa makosa yako. Hakuna aliyemtazama mchezaji. Hamido amecheza naye mechi sita na ameshinda zote. Bento katika mechi ya kwanza alitupa mara kumi na tisa, zikaingia nne. Raimundo akanishauri nimbadilishe kabla bei yake haijaanguka. Nimekataa. Nimempunguzia mitupo, nimempa mpira aanzishe yeye mashambulizi, na jana alitoa pasi kumi na mbili, tukafungwa kwa pointi moja tu. Sijui kama atakuwa mzuri kama Ivo. Pengine hatakuwa. Lakini sasa ni wangu, na nitamtazama yeye mwenyewe, si hofu yangu.

Leo asubuhi nimeaga kazini wiki tatu. Bosi akauliza, "Unakwenda kufanya nini huko watu wanakotoka?" Nikamwambia kuna watoto kumi na mmoja wanaosubiri kuitwa majina, na anayewaita ana kifua. Mama amenifungia mchele na mafuta ya karafuu, akaniagiza: "Ukifika usimsalimie. Mgombeze kwanza, kisha umsalimie."

Ndiyo maana barua hii haina salamu juu. Mwanawetu nimempita hapa Kilambo, ninapoimalizia, akinyoosha mkono kuipokea, nikamwambia hii naipeleka mwenyewe. Basi ukiisoma, Baba, na mimi nimesimama mbele yako uso umenuna, vumilia mpaka mwisho wa karatasi. Shikamoo yako ninayo.

Mwanao,
Sumaia