Malkia Asiyesogelea Jiko

Kwako dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumaini nyote hamjambo, na shemeji mgongo umemwachia. Mimi ukiniuliza kama ni mzima nitakwambia sijui, na hapo ndipo pa kuanzia.

Huku kibandani kwetu kwenye ushonaji mambo yamenivuruga. Nilimshonea mteja suruali, kesho yake akarudi anafoka kwamba miguu yote miwili imezibwa chini kama mifuko. Nikaapa si mimi. Shoga yangu ninayeshona naye akasema ni mimi, kaniona kwa macho yake. Ebo! Halafu sindano ikanipita kidoleni, wala sikumbuki kuumia, nilishtukia tu damu kwenye kitambaa cheupe cha watu.

Nikaenda zahanati. Wakasema malaria, nikameza dawa. Nikarudi, wakasema macho, nikanunua miwani. Sasa naharibu nguo nikiziona vizuri zaidi. Mpangaji mwenzangu akasema nimerogwa, shoga akasema ni mawazo. Kila mtu daktari.

Mwishowe wakaniambia yupo muuguzi wa magonjwa ya akili na kifafa anayepita mara moja kwa mwezi, wilaya nzima inamgombania yeye peke yake. Mimi na wagonjwa wa akili wapi na wapi? Nikaenda hivyo hivyo, mtandio nimeuvuta hadi puani. Safari ya kwanza hakutokea, gari lake halikuwa na mafuta, tukarudi majumbani.

Safari ya pili alikuja, akapewa chumba cha chanjo, akakaa pembeni ya mizani ya watoto. Akaniuliza huwa inakuwaje. Nitajuaje, na mimi huwa sipo? Basi akamwomba shoga, aliyenisindikiza, aonyeshe. Shoga akakodolea macho ukuta, akawa anatafuna mate, vidole vinasugua pindo la gauni, vinasugua tu. Nilicheka mpaka machozi, nikamwuliza anamwigiza nani. Hakuna mwingine aliyecheka. Ilinichukua muda kuelewa.

Muuguzi akasema hicho ni kifafa. Nikabisha kwamba kifafa ni kuanguka na kutoka povu, nami sijawahi kuanguka. Akasema kipo na cha namna hii, huja kimya kimya, na kina dawa. Akauliza kilianza lini, nikasema mwaka huu. Akauliza kama utotoni niliwahi kuungua au kuzama. Hapo nikajigamba, dada. Nikasema niungue wapi, nyumbani sikuruhusiwa kusogelea jiko wala kisima! Marehemu mama alinidekeza hadi nikaitwa Malkia, na dada yangu ndiye aliyepika na kunichotea maji. Akaweka kalamu chini, akanitazama. Akasema nikuulize wewe kwa nini hasa moto na maji nilikatazwa.

Ndiyo maana nakuandikia. Miaka yote nimejua mama alinipenda kuliko wewe. Ulikuwa ukipita na ndoo umenuna, nami nakutolea ulimi. Sasa sijui hata nilikuwa mtoto gani. Mama alijua? Wewe ulijua? Kama mlijua, mbona hamkunipeleka popote? Au hapakuwa na pa kunipeleka? Nakasirika, halafu nakumbuka ile ndoo kichwani mwako, hasira inaniishia njiani.

Muuguzi kanipa vidonge vya kuanzia. Akirudi anataka jibu lako, ndipo ajue anibadilishie au niendelee navyo. Naogopa nisije nikaacha ushonaji, maana kazi nyingine siijui. Tafadhali usinifiche, hata kama ni kwa kunionea huruma.

Kwa sasa shoga hanipi cherehani, na pasi ndiyo kabisa, ananipokonya nikiigusa. Natia vifungo tu. Juzi alipoinuka kwenda kuniletea maji ya kunywa nililia, naye hakujua kwa nini.

Wabusu watoto wote, na shemeji mwambie asibebe vizito. Nalisubiri jibu lako.

Ni mimi mdogo wako, uliyemchotea maji,

Malkia