Kifungo cha Kahawia

Mama Furaha,

Ejok? Hujambo huko? Usijibu. Najua sheria, na sheria yenyewe uliitunga wewe: mtu akishakufa afungue macho, afunge mdomo. Basi tulia hapo ulipo unitazame, mimi niseme. Kusema hakujawahi kunishinda, unanijua.

Nakuandikia kutoka Lodwar. Nimehamishwa. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka huu walitafuta mwalimu anayeweza kukaa mezani na kupanga orodha za shule, na sijui nani alilitaja jina langu. Nililiacha darasa la tatu pale kambini kwa wakimbizi, nikalia siku moja, siku ya pili nikafunga godoro. Nimepanga chumba nyuma ya soko. Upepo wa hapa ni ndugu wa ule wa Kakuma, mchanga unamfuata mtu mpaka kwenye sukari. Na nimenenepa. Samaki wa ziwani hapa hawakosekani, na mimi sijui kumnyima mtu wa biashara. Unene huu ukumbuke, nitaurudia.

Habari za kwako ni nzuri. Furaha ndiye anayekalia cherehani yako. Kila Jumapili binti yako ananipigia simu, anakata kabla sijashika ili nimpigie mimi, kwa hiyo ujue amelelewa vizuri. Matundu ya vifungo bado yanamshinda, yanalalia upande mmoja, lakini kola anazipiga kuliko... sitasema kuliko nani. Shemasi Bonifasi bado anatengeneza baiskeli karibu na kanisa la mabati, na kwenye mchezo bado ndiye anayeliwa wa kwanza. Fisi wote wanakubaliana kwamba bora afe kabla hajaanza kuhutubia.

Ndiyo, mchezo upo. Na mimi nimeuleta huku.

Ofisini tuko watu kumi na mmoja, wengi tumetoka mbali, na Jumapili ikishapita ibada kila mtu alikuwa anajifungia chumbani na simu yake. Nikawaita kibarazani kwangu, nikatundika mfuko wako msumarini, nikawaeleza kama ulivyonieleza wewe. Kwamba huu ni mji, na ndani ya mji wamo fisi wawili waliojifanya watu. Kila mmoja anachomoa kifungo mfukoni bila kuonyesha. Cheupe, wewe ni raia tu. Cheusi, wewe ni fisi. Cha kahawia kiko kimoja, na huyo ndiye mlinzi. Msimamizi akisema usiku umeingia, wote wanafunga macho. Fisi wanafungua yao, wanaonyesha kwa kidole wa kuliwa. Wakishafunga, mlinzi anafungua yake na kuonyesha kwa kidole mtu mmoja wa kumlinda. Akipatia, kunakucha bila maiti. Halafu mchana tunabishana na kumpigia kura ya kumtoa tunayemshuku, na kila aliyekufa anahamia mkeka wa wafu. Mlinzi amlinde amtakaye, ila asijilinde mwenyewe. Na asiseme kamwe kwamba ni yeye, hata mchezo ukiisha.

Hilo la mwisho liliwashangaza. Wafula, mpima ardhi wetu, alipochomoa ulinzi mara ya kwanza, alisimama, akasafisha koo, akajitambulisha kwa jina na cheo kama yuko mkutanoni. Aliliwa hata kabla kiti hakijapoa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, kisha nikakukumbuka, nikaenda jikoni kujifanya natafuta chumvi.

Unakumbuka vijana waliotutembelea na mchezo huu kutoka Nairobi walikuja na karata? Shemasi aliziona akasema karata haziingii kwenye uwanja wa kanisa, hata za kuchezea fisi. Wote tukakata tamaa. Wewe ukaingia kwenye kopo lako la vifungo, ukatoa vya ukubwa mmoja ili vidole visitambue rangi, na shemasi akakosa andiko la kukataza vifungo. Tangu hapo, kila Jumapili saa nane, jua likiwa halimruhusu mtu hata kuvuka uwanja, kwaya nzima tulikuwa tunangojea zoezi la saa kumi kwa kulana.

Na ile desturi yetu ya kuvumisha wimbo macho yakiwa yamefungwa, midomo imebanwa, ili mkono unaosogea usisikike. Huku Lodwar inanitia aibu. Kila mtu anavumisha wa kwake, utadhani ni jenereta tano. Lakini maneno yako nimewafundisha, na msimamizi hapa haruhusiwi kuanza usiku bila kuyasema: "Mulale, iko mutu anabalinda." Mpima ardhi wa Bungoma anayasema kwa Kiswahili chako cha Kongo kabisa. Ungemsikia ungeanguka kitini.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae chini niandike. Nimelizunguka vya kutosha.

Jumapili ile ya mwisho. Usiku wa kwanza fisi walimla shemasi, kama kawaida. Usiku wa pili kukakucha bila maiti. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwako, mahali pangu pa siku zote, na katikati ya ule uvumi wa wimbo nilikuwa nimesikia bangili yako ikilia. Sikujua ilikuwa zamu ya nani kufungua macho. Nilisikia tu mkono umesogea, na kwa akili yangu ya siku hiyo, mkono unaosogea usiku ni wa fisi. Kwamba mlinzi naye ana mkono, hilo halikunijia. Mwalimu mzima.

Nikasimama. Nilikuwa na kiburi, Mama Furaha, nilishajiona jogoo wa mchezo ule, kwa sababu miezi na miezi nilikuwa nasalimika wengine wakiliwa, na niliamini fisi wananiogopa. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako, na fundi wa nguo ni huyu hapa. Watu wakacheka. Ningeishia hapo. Nikaongeza:

"Nyinyi watu wa kambi mmezoea kudanganya kwenye kila foleni, mchezo huu utawashinda?"

Nimeliandika lilivyo, nisije nikalipunguza. Nililisema mbele ya watu kumi na watatu, wote wa kambi isipokuwa mimi niliyetoka Kitale kwa barua ya ajira. Shemasi, aliyekuwa amekufa, aliinua kichwa. Mikono ya kura ikainuka, mingi dhidi yako. Wewe ulinitazama kidogo, ukaipandisha bangili ndani ya mkono wa gauni, ukafunga kitenge chako vizuri.

"Aya," ukasema. "Kura ni kura."

Ukaenda mkekani. Ungeonyesha kifungo tu, ningekosa pa kuuficha uso. Hukuonyesha. Usiku uliofuata fisi walinila mimi, na nilipofika kwenye mkeka wa wafu ulisogea ukanipa nafasi, ukanisukumia na chupa ya maji. Halafu zoezi likaanza, halafu kila mtu akaenda kwake, halafu homa yako ikaanza ikiwa ndogo.

Nilikuja kukuona mara tatu. Mara zote tatu nilikuwa nimelipanga neno la msamaha tangu mlangoni, na mara zote nililimeza. Niliona haya kumwombea mgonjwa radhi ya mchezo, nikajiambia nitasema ukipona. Wewe ulikuwa umejilaza na sindano ya kushonea mkononi, unaniuliza kama darasa la tatu wamejua kugawanya. Sikujua kama umelisahau neno lile au umeliweka.

Siku ya matanga yako shemasi alinivuta kando. Nilidhani anataka nipange viti.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi kwa huu mchezo nimekufa kupita bote. Nimeona mengi. Kila mara Mama Furaha akishika ile ya kahawia, alionesha weye. Hata ile siku ya mwisho."

Sheria aliivunja, ndiyo, na usimwekee kinyongo. Nilimwuliza kwa nini mimi. Akasema wafu hawaulizi, wanaona tu. Lakini nafikiri najua. Jumapili yangu ya kwanza niliyokuja kwenu nililiwa kabla ya mtu yeyote, nikajifunika leso usoni nikisema ni mchanga. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wengine waliamini ni mchanga.

Kwa hiyo bangili niliyoitolea ushahidi ilikuwa inalia kwa ajili yangu. Nimeibeba hiyo kutoka Kakuma mpaka hapa, na haikuwa mzigo mwepesi. Kulindwa nilishajua. Nilichokuwa sijui ni kama baada ya neno lile ungenilinda tena.

Baada ya mazishi Furaha alinikabidhi vitu viwili: mfuko wa mchezo na gauni langu la kwaya, lile la buluu uliloliacha karibu kwisha. Mfukoni kifungo cha kahawia hakikuwamo. Tulitafuta chini ya cherehani, kwenye kopo, mpaka ndani ya jiko. Huku Lodwar tukawa tunatumia cha kijani chenye ufa, mlinzi mwenye ufa. Gauni nalo sikulivaa. Nililikunja nikaliweka chini ya sanduku kwa sababu kila nikiliona naona uso wako siku ile.

Sasa rudi kwenye ule unene. Mwezi uliopita kwaya ya hapa ilinialika, wakasema kila mtu aje na sare aliyo nayo. Nikalitoa gauni, likagoma kifuani. Najua kawaida yako, siku zote uliniachia kitambaa cha akiba kwenye mshono ukisema mwalimu wa serikali lazima atanenepa. Nikachukua wembe, nikafumua ubavu wa kushoto, taratibu. Chini ya kwapa, ndani kabisa, kati ya mshono na bitana, wembe ukagonga kitu kigumu.

Kifungo cha kahawia. Kimeshonwa kupitia matundu yote manne kwa uzi mwekundu, na lile fundo lako la mara tatu.

Nilimpigia Furaha hata bila kungojea Jumapili. Akaniambia gauni lile ulilishona kitandani, wiki yako ya mwisho, na kwamba alipotaka kukusaidia ubavu wa kushoto ulimnyang'anya ukasema huo ni wako. Wiki ya mwisho, Mama Furaha. Baada ya foleni. Baada ya kinywa changu.

Nilikaa sakafuni na gauni mapajani, nikalia, kisha nikaanza kucheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Kikulacho ki nguoni mwako, mimi nilikuhubiria mbele ya watu. Wewe ulishona.

Nilikiacha pale siku chache, nikijiambia kikae, ni changu. Lakini uliniharibu na sheria zako. Mlinzi hajilindi mwenyewe. Nikaukata uzi, nikakirudisha mfukoni na vingine, cha kijani nikampa mtoto wa jirani achezee.

Na hili nakuambia wewe tu kwa sababu najua hutalitoa. Jumapili iliyopita alikuja karani mpya, msichana ametoka Kapedo, kakaa karibu na mlango na mkoba mapajani kama anayengojea kuitwa. Niliingiza mkono mfukoni nikatoka na cha kahawia. Usiku wa kwanza nilimwonyesha yeye. Kukakucha bila maiti. Mpima ardhi akasimama, akasema amesikia kiti changu kikilia, na akaninyooshea kidole. Na msichana wangu wa Kapedo, ndiye wa kwanza kuinua mkono kunipigia kura.

Ulimi uliniwasha, Mungu anajua. Kifungo kilikuwa kiganjani, kimepata moto. Nikasema kura ni kura, nikaenda mkekani.

Sikujua kwamba kule ni kuzuri hivyo. Wote wamefumba macho, wanavumisha vibaya, karani naye amesahau mkoba umeanguka. Baada ya usiku mmoja fisi wakamla, akaja anaburuta miguu. Nikasogea nikampa nafasi.

Basi nisamehe. Nalisema sasa wazi, kwa mkono wangu, kwa ajili ya lile neno la foleni. Nakuahidi kila Jumapili mfuko utatundikwa, na aliye mgeni zaidi hataliwa wa kwanza kama kifungo kiko kwangu. Kikiwa kwa mwingine sitauliza. Gauni nimelipanua na nitaimba nimelivaa, na mshono wa kushoto nimeuacha na lile tundu dogo la sindano yako.

Najua sheria inawataka wafu wakae macho wazi. Lakini wewe umeshona miaka mingi kwa taa ndogo, na macho yako yalikuwa yamechoka. Leo msimamizi ni mimi, nakuruhusu uyafumbe.

Ulale, Mama Furaha. Iko mutu anakulinda.

Mwalimu wako