Darubini ya Mbalizi

Mama Neema mpenzi, hamjambo Iringa? Mbalizi ni baridi na ukungu, na asubuhi nimemnunulia baba yangu darubini ya mtumba, aone ng'ombe wake ng'ambo ya bonde. Nilikagua mkoba, kamba, hata skrubu, huku nikimweleza muuzaji jinsi mwalimu wa fizikia anavyotambua feki. Nilipochungulia niliona weupe mtupu. Akasema ni ukungu, nikalipa.

Mchana ukungu umeondoka. Mama muuza parachichi ameomba naye achungulie. "Mwalimu, mbona mlima uko palepale?"

Ni vioo vya dirisha tu.

Nimewakumbuka sana. Wanafunzi wangu wasisikie, na baba usimwambie kitu. Kwa anavyonipenda, atachungulia na kusema anawaona ng'ombe wote.

Baba Neema